Akiugua Mpendwa Wetu Nyumbani



Mtu akiugua siku mbili tatu, nyumba haitikisiki. Uji hupikwa, dawa hunywewa, na kesho yake jembe huchukuliwa tena. Lakini ugonjwa ukiwa mzito, ukadumu miezi, ukala fedha yote ya korosho, ukamlaza kitandani mama ambaye hakuwahi kulala mchana, hapo jamaa yote huugua pamoja naye. Ndipo imani ya nyumba hiyo inapopimwa. Wala haipimwi kanisani siku ya Dominika, bali usiku, mgonjwa anapougulia na watoto wanajifanya wamelala.

Leo twataka kusema juu ya jambo hili, tukiwafikiria hasa wenzetu wa Masasi na Newala, ingawa hapana shaka kwamba hata wa Sumbawanga na wa Moshi watajiona humu.

Huko kusini, kwa desturi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Mgonjwa akizidiwa, mume haamui peke yake, wala watoto hawaamui. Mjomba huitwa, na neno lake huwa zito. Desturi hii ina wema wake, maana hakuna mama mgonjwa anayekosa ndugu wa kumtetea. Lakini mara nyingine shida huanzia papo hapo. Mjomba asema, "Ugonjwa huu una mtu." Maana yake, yuko aliyeuleta. Mume ataka mgonjwa apelekwe hospitali. Mjomba ataka kwanza ipigwe ramli. Wabishana uani kwa sauti ya chini, wakidhani mgonjwa hasikii, naye asikia yote. Siku zapita. Uvimbe uliokuwa mdogo waongezeka. Na mpiga ramli akiisha kumtaja mtu, kwa kawaida kikongwe fulani asiye na wa kumsemea, basi nyumba iliyokuwa na ugonjwa mmoja sasa ina ugonjwa wa pili, nao ni chuki, ambayo haitamtoka mtu hata baada ya matanga.

Mkristu afanye nini hapo? Wako wanaosema, amfukuze mjomba. Sisi hatusemi hivyo. Mjomba naye anampenda mtoto wa dada yake, na hofu yake ni hofu ya mtu anayependa. Aketishwe, aelezwe kwa heshima yale daktari aliyoyaona, tena ikiwezekana aende yeye mwenyewe hospitalini na mgonjwa, ayasikie kwa masikio yake. Dawa ya mizizi na majani si dhambi, ingawa ni vema daktari aambiwe kwamba mgonjwa anaitumia, zisije dawa mbili zikapigana tumboni. Lakini ramli, hirizi, na kumtafuta mchawi, hapo Mkristu husema hapana, hata kama sauti yake inatetemeka. Amri ya kwanza haina likizo wakati wa ugonjwa. Wala ya nane haina, ile inayotukataza kumshuhudia jirani uongo.

Liko kosa jingine, nalo huvaa nguo za dini. Ni la wale wanaomtoa mgonjwa wodini, wakiacha dawa, kwa sababu wamesikia kwamba mahali fulani watu huponywa kwa sala peke yake. Tunakumbuka mwaka 2011, maelfu ya watu walipokwenda Samunge, huko Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Walikwenda wanyonge na wakubwa, Wakristu na Waislamu. Wako waliotoka hospitalini kwenda huko, na wako waliofia foleni. Hatuwacheki, mwenye mgonjwa hushika hata unyasi. Lakini mtu asiseme kwamba kuacha dawa ndiyo imani kubwa. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, chatufundisha kumheshimu mganga kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba, na kwamba Bwana ametoa dawa katika ardhi. Chamwagiza mgonjwa asali, kisha chamwagiza ampe mganga nafasi. Yote mawili, tena katika sura moja.

Watu wa Masasi na Newala wana ushahidi wa jambo hili karibu nao. Wabenediktini waliofika Ndanda mwaka 1906 hawakujenga kanisa tu, na hata leo wagonjwa kutoka juu ya uwanda hushuka kwenda kutibiwa katika hospitali ya pale. Pale Lulindi alifanya kazi Daktari Leader Stirling, Mwingereza aliyekuja mwaka 1935 na misioni ya Kianglikana, akapasua wagonjwa katika majengo ya udongo na nyasi. Mwaka 1949 aliingia Kanisa Katoliki, akahamia misioni ya Mnero, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimfanya Waziri wa Afya. Mtu huyo hakuona vita kati ya kisu cha daktari na rozari.

Basi, sala yetu iweje? Hapa yatupasa kusema polepole, maana wengi hufanya sala kuwa biashara: novena tatu, na Mungu alipe uzima. Asipolipa, hudhani amedhulumiwa, au, jambo baya zaidi, jirani humwambia mgonjwa kwamba hakuwa na imani ya kutosha. Neno hili ni la kikatili. Mtu ambaye hawezi kugeuka kitandani aongezewe na mzigo wa kujiona amekataliwa na Mungu! Mtakatifu Paulo alimwomba Bwana mara tatu amwondolee mwiba wake. Hakuondolewa, akapewa neema. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba Paulo alikuwa na imani haba?

Waangalieni Marta na Maria wa Bethania. Lazaro alipougua, hawakumtumia Yesu agizo la kufanya hivi au vile. Walimpasha habari tu kwamba yule anayempenda ni mgonjwa. Wala Yesu hakuondoka mara ile; alikaa siku mbili mahali alipokuwa. Alipofika, Marta alimweleza bila kuficha kwamba kama angalikuwapo, ndugu yake asingalikufa. Yesu hakumkemea kwa maneno hayo. Mwisho alilia. Kwa hiyo mume anayesimama usiku nje ya wodi akamwambia Mungu, "Mbona umekawia?" hajaiacha imani. Amesali sala ya Marta. Na Bwana mwenyewe pale Gethsemani aliomba kikombe kimwondokee, kabla ya kujiweka katika mapenzi ya Baba. Tusiruke sehemu ile ya kwanza tukakimbilia ya pili, kana kwamba kulia ni dhambi.

Tena sala na iwe fupi. Mgonjwa mwenye maumivu hawezi kufuata rozari nzima; fungu moja latosha, au jina la Yesu tu, mtoto wake akimshika mkono. Waliobaki nyumbani wasali rozari yote kwa ajili yake. Akihamishiwa Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road, mathalan, zaidi ya kilometa 600 kutoka Newala, jamaa na wapatane saa moja ya jioni ambayo wote watasali, wa huku na wa kule.

Na Jumuiya je? Juu ya uwanda wa Makonde mchanga hunywa mvua yote, mito hakuna, na tangu zamani mama zetu walishuka genge na kupanda na maji kichwani. Hata sasa mabomba yakikauka, nyumba yenye mgonjwa hutumia maji mengi kuliko nyingine, na mwenye kuyateka ndiye huyo aliyelala. Wanajumuiya wanaokuja kuimba nyimbo nne kisha wakaondoka, wameacha ndoo tupu nyuma yao. Waje na maji.

Mwisho, Mpako Mtakatifu. Wazee wetu waliuita Mpako wa Mwisho, na jina hilo limewatia watu hofu: padre akionekana mlangoni, majirani huanza kuulizana juu ya sanda. Kwa hiyo jamaa huchelewa kumwita, mpaka mgonjwa hana fahamu tena, hawezi kuungama wala kuitikia. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1963, ulisema kwamba jina linalofaa zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na kwamba wakati wake umefika mara mwamini anapoanza kuwa katika hatari kwa ugonjwa au uzee. Mtume Yakobo aliagiza waitwe wazee wa Kanisa kwa mgonjwa. Hakuagiza waitwe kwa maiti. Aliyepakwa akapona, kisha akaugua tena ugonjwa mzito, aweza kupakwa tena.

Basi katekista na apelekewe habari mapema, maana padre wa parokia ana vigango vingi na barabara za huko wakati wa masika twazijua. Nyumbani pawekwe meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na maji safi. Watoto wasifukuzwe nje. Na mjomba, hata kama ni Mwislamu, apewe kiti karibu na kitanda.