Nguvu Haiongezwi, Inahamishwa

Wasee wa Subaru huku Nairobi huniambia kamshafti ya mbio inaongeza nguvu. Mimi nasema inaihamisha. Kamshafti ndiyo hufungua valvu ili injini ipumue. Krankshafti ikizunguka mara 2, yenyewe huzunguka mara 1. Ile ya mbio huinua valvu juu zaidi na kuziacha wazi kwa muda mrefu. Kwenye mizunguko ya juu injini hujaa hewa na gari linachomoka. Kwenye mizunguko ya chini, ndani ya jam ya Thika Road, linatetemeka na kukosa nguvu.

Hapo swali linamtoka fundi. Je, ni haki kuinyima siku ya kawaida ili kuipamba siku ya nadra?

Jibu nalipata kwetu Mfangano. Boti ya kutoka Mbita hubeba abiria, unga, na pengine mgonjwa. Injini yake husifiwa kwa kuwaka na kufika, hata ziwa likichafuka. Raha ya kasi ni ya nahodha. Hatari ni ya wote waliomo. Gari lako ukiwa peke yako, chagua utakavyo. Ukibeba watu, waulize kwanza wanahitaji nguvu gani.