Sahihi ya Simu ni Ahadi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.



Hapa petu Salgaa malori hulala usiku, na alfajiri huendelea na safari, mengine yakielekea Eldoret na Malaba hadi Uganda. Dereva, mwenye hoteli, mwenye duka na fundi wa pancha, wote siku hizi hulipana, hukopana na kuwekeana amana kwa simu. Lakini limeingia neno ovu katika ndimi za watu. Mtu akidaiwa husema: "Karatasi yako iko wapi? Mimi sikutia sahihi, nilibonyeza tu." Na mwingine aliyekopa benki kwa simu hudhani kuwa hana ahadi mbele ya Mwenyezi Mungu, kwa kuwa hapakuwa na wino. Katika darasa letu tumeona kuwa jambo hili lapasa kubainishwa, kwani haki za watu zapotea kwalo.

Twasema wazi: neno hilo ni batili kwa dini na kwa sheria ya nchi.

Ama kwa dini, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni aya ya deni, nayo ni aya ya 282 ya Surat al-Baqara. Humo Mwenyezi Mungu ametuelekeza tuliandike deni, dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Mwandishi aandike kwa uadilifu, mdaiwa ndiye atamke lililo juu yake, na mashahidi wawepo. Tazama, ewe ndugu msomaji: aya haikutaja wino wala ngozi wala karatasi. Imetaja makusudio, nayo ni ushahidi kusimama imara na shaka kuondoka. Basi chombo chochote kitimizacho makusudio hayo kimeingia katika maana yake.

Mtume wetu (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme wa nje aliambiwa kuwa hawapokei barua isiyo na muhuri. Akafanya pete ya fedha, ikachorwa jina lake na utume wake. Muhuri ule ulikuwa ni desturi ya watu katika kuaminiana, naye akaichukua kwa kuwa haipingani na dini. Na mwaka 1990 wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu walikutana Jedda, wakaamua kuwa mkataba kwa maandishi, kwa simu ya maandishi na kwa kompyuta baina ya watu walio mbalimbali ni sahihi. Walivua mambo matatu: ndoa, kwa ajili ya mashahidi, kubadilishana fedha, kwa kuwa yapasa kupokezana papo hapo, na mauzo ya salam, ambayo bei yake hutangulizwa.

Huenda mtu akauliza: mbona wanavyuoni wa zamani walisitasita kuhukumu kwa maandishi peke yake? Jawabu ni kuwa waliogopa kughushi, kwani hati ya mkono hufanana na hati nyingine. Na katika Mejelle, mkusanyo wa sheria za dola ya Kituruki uliotungwa baina ya 1869 na 1876, kifungu cha 1736 chakataza kuhukumu kwa maandishi na muhuri tu, ila yakiwa yameepukana na tuhuma ya kughushiwa. Basi swali la wazee wetu halikuwa ni karatasi au si karatasi. Swali lilikuwa: je, ni salama na uwongo?

Na swali hilo ndilo lililo katika sheria ya Kenya. Sheria ya Habari na Mawasiliano, kwa marekebisho ya mwaka 2009, imekubali hati za kielektroniki na mikataba ifanywayo kwazo. Imetaja pia sahihi ya kielektroniki iliyo ya daraja ya juu, ikaiwekea masharti manne: iwe ya mwenyewe peke yake, imtambulishe, itiwe kwa chombo kilicho chini ya mamlaka yake tu, na ifungamane na maandishi hata yakibadilishwa ijulikane. Mwaka 2020 sheria ya mikataba nayo ikarekebishwa ili kuikubali sahihi ya namna hiyo. Na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, yaruhusu hati itokayo katika kompyuta ipokewe mahakamani, pamoja na cheti cha mtu mwenye dhamana kieleze jinsi ilivyopatikana. Madereva wetu wajue pia kuwa Uganda ina sheria ya sahihi za kielektroniki tangu 2011, na Tanzania ina sheria ya miamala ya kielektroniki tangu 2015. Anayekana deni kwa hoja ya wino hatapata kimbilio hata akivuka mpaka.

Sasa tutazame upande wa pili, nao ndio wenye hatari. Muhuri ukiingia mkono wa mwingine huwa balaa. Wanahistoria wamepokea kuwa katika fitina iliyomwua Sayyidna Uthman (R.A.) palionekana barua yenye muhuri wake, naye akaapa kuwa hakuiandika wala hakuiamrisha. Damu ya Khalifa ikamwagika, na mlango wa fitina ukafunguka. Basi namba yako ya siri ni muhuri wako. Vipi wamwachia wakala, au utingo, au rafiki, kisha deni likija waapa kuwa si wewe? Sharti la sheria ni kuwa chombo kiwe chini ya mamlaka yako peke yako, nawe umelivunja kwa mkono wako.

Na wazee wetu wasiojua kusoma je? Aya hiyo hiyo imesema kuwa mdaiwa akiwa dhaifu, au hawezi kutamka mwenyewe, basi walii wake atamke kwa uadilifu. Kijana anayeshika simu ya mama yake yuko mahali pa walii. Hana budi amsomee kila neno, wala asikope kwa jina lake akamwachia kulipa.

Wala mtu asifahamu kuwa tunaihalalisha riba. Kusihi kwa sahihi ni jambo moja, na uhalali wa kilichotiwa sahihi ni jambo jingine. Kidole kilichobonyeza kukubali ziada juu ya mkopo kimetia sahihi katika haramu, na kimeandikiwa.

Limebaki jambo la mauti, nasi tu wakazi wa kando ya barabara. Deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa; na Mtume (S.A.W.) alisita kumsalia aliyekuwa na deni, hata Abu Qatada alipolichukua juu yake. Leo mtu hufa na madeni yake na amana za watu zimo ndani ya simu, mke hazijui na watoto hawazijui. Na ile sheria ya 2009 haikuuingiza wasia katika mambo ya kielektroniki. Basi andika kwa karatasi, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, yale unayodai na unayodaiwa, wala usitaje humo namba ya siri.

Kwa ufupi: soma kabla ya kubonyeza, hifadhi risiti na ujumbe wa kila malipo, ukikopeshana na jirani, andikianeni kiasi na muda, ijapokuwa kwa ujumbe wa simu, na muwashuhudishe watu wawili, na ukidaiwa haki, lipa. Mahakama ya dunia yahitaji cheti ili kuamini. Mahakama ya Akhera, kidole chenyewe kitasema.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watimizao ahadi zao. Amin.