Asiyelipwa Hudaiwa Nini?

Katika nchi za baridi kali, kama Kanada, watu hucheza mchezo wa hoki juu ya barafu. Wachezaji sita wa kila upande huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma, nao husukuma kwa fimbo kisahani kigumu cha mpira, uzito wake gramu 170 hivi. Watano hupokezana: huyu akichoka baada ya dakika moja, mwenzake huingia mahali pake. Mmoja hapokezwi hivyo. Ndiye mlinda mlango, asimamaye mbele ya wavu wenye upana wa sentimita 183 na kimo cha sentimita 122, tangu mwanzo hata mwisho wa dakika 60.

Wengi wafanyao kazi hiyo hawapati hata senti. Wakitoka shuleni au kiwandani, huingia mashindanoni kwa kupenda tu. Hapo lazaliwa swali ambalo si la mchezo peke yake: mtu atumikaye bure, je, ana wajibu sawa na mwenye mshahara? Mlinda mlango akichelewa kufika, au akilegea kwa kuona timu yake inaongoza, nani mwenye haki ya kumlaumu? Hakuna aliyemwajiri.

Hoja hiyo haifai kudharauliwa, kwani ina ukweli ndani yake. Kumdai mtu wa hiari ustadi wa fundi aliyelipwa ni udhalimu. Kisahani kikimpita kwa kuwa mkono wake haukuwahi, hana kosa. Dhamiri yenye afya haimtesi mtu kwa jambo lililomzidi nguvu. Lakini kufika na kukesha si ustadi. Hayo aliyaahidi. Alikuwa huru kabla ya kutoa neno lake. Baada ya kulitoa, wenzake wamekwenda mbele kushambulia, wakiacha migongo yao mikononi mwake. Wasingalithubutu kwenda mbali hivyo kama wasingalimwamini. Vivyo hivyo mwalimu wa dini wa kijijini: watoto wanaomngoja chini ya mwembe hawaulizi kama analipwa.

Mwaka 1963 Padri David Bauer, wa shirika la Mtakatifu Basili, alikusanya vijana katika Chuo Kikuu cha British Columbia, mjini Vancouver, wapate kucheza kwa jina la Kanada katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964 huko Innsbruck, Austria. Wakati ule wachezaji wa kulipwa hawakuruhusiwa kushiriki. Langoni alikuwamo Seth Martin, mzima moto wa mji mdogo wa Trail.

Waliwashinda Waswisi 8 kwa 0, Wasweden 3 kwa 1, na Waamerika 8 kwa 6. Wasovieti, walioshinda michezo yao yote, waliwafunga 3 kwa 2 tu. Mwishowe Kanada, Sweden na Chekoslovakia zikawa sawa, kila moja imeshinda mara 5 na kushindwa mara 2. Ndipo yakahesabiwa mabao yote, hata ya siku za ushindi. Kanada ilikuwa imefunga 32 na kufungwa 17, tofauti 15. Tofauti ya Chekoslovakia ilikuwa 19, na ya Sweden 31. Kanada ikawa ya nne. Yale mabao 6 ya Waamerika, ambayo siku ile hayakuwanyima ushindi, yalikuwamo katika hesabu pamoja na mengine, wala hesabu haikupunguzwa kwa sababu wachezaji walikuja kwa hiari yao.

Si haki kumtwika mlinda mlango mzigo huo peke yake. Mshambuliaji mvivu wa kurudi nyuma ana sehemu yake katika bao, na pengine sehemu kubwa zaidi. Ila uvivu wake hupita kimya, na kushindwa kwa mlinda mlango hupigiwa kelele na umati na kuandikwa ubaoni. Akubaliye kusimama pale hukubali na jambo hilo: kuonekana yeye, hata pale kosa lilipoanzia miguuni mwa mwingine.

Mashindano yalipokwisha, wakuu wake walimtaja Seth Martin kuwa mlinda mlango bora kuliko wote. Timu yake ilirudi nyumbani bila nishani.