Ng'ombe Mwenye Kupiga Pembe
(Kutoka 21, 28–30)

Neno la mwezi huu latoka katika hukumu ambazo Musa aliwapa wana wa Israeli, nalo ni neno ambalo wengi hulipita upesi wakisoma, wakidhani kwamba lawahusu wafugaji tu. Yaandikwa habari za ng'ombe aliyempiga mtu kwa pembe hata akafa. Ng'ombe yule auawe kwa mawe, walakini mwenyewe hana hatia, maana hakujua. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga tangu zamani, na mwenyewe ameonywa wala hakumfunga, hapo damu yamwangukia mwenyewe. Angalieni tofauti ya watu hawa wawili. Pembe ni zile zile, naye aliyekufa amekufa vile vile. Kilichowatenga ni kimoja: huyu wa pili alijua.

Basi motokaa na pikipiki ndio ng'ombe wetu, nasi tumekwisha kuonywa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na ya kuwa katika watoto na vijana wa miaka 5 hata 29 hakuna jambo liwauao wengi kupita hilo. Hata hivyo tukisimama kaburini twasema, "Ajali haina kinga," na wengine huongeza, "Ni mapenzi ya Mungu." Neno hili ajali, lililotoka Kiarabuni, asili yake ni muda uliowekwa, saa ya mtu ya kufa, kwa hiyo ulimi wetu wenyewe watuvuta tumsingizie Mungu jambo lililoanzia kilabuni. Haifai. Mungu siye aliyekijaza kile kikombe.

Watu hudhani kwamba kileo humshika mtu miguu kwanza, na ya kuwa asiyeyumba hajalewa. Sivyo. Hushika kwanza akili ile ipimayo mambo, ile imwambiayo mtu, "Punguza mwendo," au, "Usilipite lori hilo." Miguu ingali imara, nayo hukumu imekwisha kupotea. Ndiyo sababu wa mwisho kujua kwamba amelewa ni mlevi mwenyewe. Mwenye kuandika Mithali, sura ya 23, aliliona jambo hili wazi, alipomfananisha na mtu alalaye juu ya mlingoti baharini, apigwaye asisikie. Wala kileo hakitoki kwa kahawa, wala kwa kuoga maji baridi. Ini ndilo likiondoalo katika damu, nalo lina mwendo wake: chupa moja ndogo ya bia yataka saa moja na zaidi, wala ini halifanyi haraka kwa kuwa wewe una safari. Aliyekunywa hata usiku wa manane aweza kushika usukani alfajiri, amenawa uso na kusali, na kileo kingali damuni mwake. Na mbege, ijapokuwa ni ya ndizi na ulezi, na wazee wa Kilimanjaro huipa heshima yake, ina kileo vile vile.

Mirungi hutafunwa na madereva wa safari ndefu ili wasilale, lakini haiondoi uchovu, yauficha tu. Nao ukirudi huja kwa ghafula. Bangi huchelewesha mkono. Hata kidonge cha mafua chaweza kuleta usingizi. Mwulize tabibu kabla hujapanda pikipiki.

Hapa nawaomba wale wasiokunywa wasijisifu. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita mita 16 na zaidi katika sekunde moja. Atazamaye simu yake kwa sekunde tatu tu amekwenda mita 50 kama kipofu, na katika mita 50 waweza kuwapo watoto wa shule nzima. Wala kuongea mikono ikiwa huru hakumwokoi sana, maana kilichotekwa ni moyo wake. Nimewaona na watumishi wa Kanisa wakifanya hivyo, wakiwa njiani kwenda kuzika.

Katika Katekisimo Ndogo Luther atufundisha kwamba amri ya tano haitimizwi kwa kutomdhuru jirani tu. Yatupasa kumsaidia katika kila haja ya mwili wake. Basi amri hii haimhusu dereva peke yake. Torati yamwagiza ajengaye nyumba atie ukuta mdogo pembeni mwa dari, mtu asianguke akafa (Kumbukumbu la Torati 22, 8). Nawe ufanyaye arusi mwezi wa Desemba, jamaa wakipanda kutoka Dar es Salaam kuja Machame na Marangu, ukuta wako u wapi? Nani amepewa kazi ya kushika funguo za magari? Tumeandaa kamati ya vyakula, ya mapambo na ya muziki. Na ninyi abiria mnaomshangilia dereva akimbiapo: Yehu naye alijulikana kwa kuendesha kwa wazimu, lakini hatukuambiwa tumfuate.

Lakini najua kwamba katika sharika zetu yupo anayesoma haya, naye ng'ombe wake amekwisha kuua. Ndugu yangu, soma na mstari wa 30. Hata mwenye ng'ombe yule aliyeonywa, Torati yamwachia mlango: aweza kutozwa fidia, akaikomboa nafsi yake. Fidia ya roho yako Kristo amekwisha kuilipa, nayo yatosha. Ila mama wa yule mtoto bado hajasikia neno kinywani mwako. Nenda kwake, pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Umwambie, "Nilikuwa nimekunywa." Usimwambie ilikuwa ajali.