Kazi Mmeigeuza Fimbo

Ninyi mnaomtisha mtoto kwa kazi, nina neno nanyi, na sitalizungusha.

Mtoto wa kidato cha kwanza akichelewa namba, mnampa jembe. Akipiga kelele darasani, anafyeka. Akivunja kioo, anachimba kisiki mpaka kitoke, na wenzake wanapita wakimcheka. Akifika kidato cha tatu hesabu zikamgomea, mwalimu anamwambia mbele ya darasa zima: "Endelea hivyo hivyo, utaishia VETA." Nyumbani baba anakazia: "Husomi? Basi utakuwa fundi." Miaka minne mtoto huyu anafundishwa, kwa mgongo na kwa masikio, kwamba kazi ya mikono ni malipo ya makosa. Kisha mnamwekea fomu mbele yake na kumwuliza anataka kuwa nani. Mnategemea aseme nini?

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu kwa Kujitegemea. Alikemea shule inayomtenga mtoto na jamii yake, na mtihani unaowapandisha wachache na kuwaacha wengi wakijiona wameanguka. Alitaka shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi wenyewe washiriki kupanga kazi na kuamua mapato yake yatumikeje. Mlilifanya nini neno hilo? Mlichukua jembe, mpango mkauacha. Kazi za mikono zikawa kufagia uwanja na kumchotea mwalimu maji. Watu wazima waliokulia humo leo wanasema kilimo ni laana, na mimi siwalaumu, maana ndivyo tulivyowafundisha.

Nasema "tulivyo" kwa sababu nilikuwamo.

Nilifundisha Jiografia katika shule moja ya kata. Mwaka wangu wa kwanza mkuu wa shule alinikabidhi ushauri nasaha kwa sababu nilikuwa mgeni, na mgeni hupewa kazi ambayo wenyeji wameikimbia. Vipindi vyangu 26 kwa wiki havikupungua hata kimoja. Chumba nilichoonyeshwa kilikuwa stoo ya majembe. Tulisogeza mafyekeo ukutani, tukaingiza benchi moja na meza yenye mguu wa kuungaunga. Waliofika pale hawakuja kuuliza habari za maisha yao. Waliletwa: mvulana aliyekamatwa na simu, msichana aliyedhaniwa kuwa na mimba, watoro. Niliwakalisha katikati ya majembe nikawasomea makosa yao, na kwenye daftari nikaandika kwamba wamepewa ushauri nasaha. Miaka miwili hakuna mtoto aliyepita mlango ule kwa hiari yake, wala sikujiuliza kwa nini.

Siku ya kujaza selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, ilikuwa Alhamisi, baada ya chai. Fomu zilitakiwa wilayani kesho yake. Watoto zaidi ya themanini, kalamu zikipokezanwa, na ubaoni nimeandika tahasusi kwa herufi tatu tatu kama namba za magari: PCM, PCB, CBG, EGM, HGL, HKL. Msichana mmoja, ambaye kwao walilima nyanya bondeni, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, CBG ni ya nini?"

"Kemia, Biolojia, Jiografia."

"Hayo nayajua, mwalimu. Nauliza ni ya nini."

Nikamwambia ajaze tu, muda unakwisha. Akachungulia fomu ya jirani yake, akaandika HGL. Jirani naye alikuwa amechungulia ya mbele yake.

Lile lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa katika ualimu wangu. Na mwenye jibu alikuwa hatua mia mbili kutoka pale tulipokaa: afisa ugani wa kata, aliyesomea kilimo Morogoro, ambaye mara kwa mara alipita kwenye shamba la baba yake msichana huyo akigeuza majani ya nyanya kuyatazama upande wa chini. Angeweza kumwambia kwamba kutambua kama ni ukungu au ni wadudu ndiyo Biolojia yenyewe, kipimo cha dawa kwenye bomba la kunyunyizia ni Kemia, na maji ya lile bonde ni Jiografia. Angeweza kumtajia chuo, ada, na mshahara. Hakuwahi kukanyaga shuleni kwetu. Hakuna aliyemwita. Mimi ndiye niliyepaswa kumwita.

Wakuu wa shule, ole wenu kwa mabango yenu. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, lakini ninyi mmeendelea kubandika langoni picha za wenye divisheni wani ya pointi saba, kana kwamba wale wengine mia moja hamkuwapokea, hamkuwafundisha, hamkula ugali mmoja nao. Mnajua kila A imetoka kwa nani. Je, mnajua hata mmoja wa waliomaliza miaka mitano iliyopita anafanya kazi gani leo? Daftari lenye majina hayo liko wapi?

Wazazi, nanyi msijifiche nyuma ya walimu. Mnaitwa kikao, mnauliza michango, mnasaini, mnaondoka. Mtoto mmeshamtangaza kuwa daktari tangu ananyonya, na hamjamwuliza kitu tangu hapo. Nilimjua kijana aliyetengeneza redio za mtaa mzima akiwa kidato cha pili. Baba yake alimlazimisha PCB. Kidato cha sita akapata sifuri, na baba akaacha kumsemesha. Yule baba alikuwa fundi ujenzi. Nyumba aliyokaa akimkasirikia mwanawe aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, na ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote za mtaa ule. Hilo linaniumiza mpaka leo: mtu aliyelelewa na ufundi wake, akawalea watoto kwa huo huo ufundi, akaona haya mwanawe kuurithi.

Nanyi waajiri, wenye karakana, wenye maduka ya dawa, wenye ofisi. Mnatangaza nafasi mkidai uzoefu wa miaka mitatu. Kijana akija kuomba field, mnamkabidhi birika la chai na mashine ya fotokopi. Mnalalamika redioni kwamba vijana wa siku hizi hawaajiriki. Ni lini mlivuka barabara mkaingia kwenye shule iliyo mkabala nanyi? Mmepita langoni pake kila asubuhi.

Lugha yetu ina neno mwanagenzi, na hatukuliazima kwa wataalamu wa maendeleo. Mtoto wa pwani alipelekwa kwa fundi seremala au fundi wa majahazi, mzazi na fundi wakakubaliana, na mtaa mzima ukajua fulani yuko kwa nani na anajifunza nini. Makubaliano yale yalikuwa na watu watatu ndani yake. Leo mtoto tumemwachia karatasi.

Na msiniambie haiwezekani, kwa sababu nimeona. Katika shule niliyohamia baadaye, mwalimu wa Fizikia alimwita fundi wa majokofu wa sokoni, mtu aliyejifunzia kazi mtaani na baadaye akapata cheti cha VETA kwa kurasimishiwa ujuzi wake. Alikuja na jokofu kuukuu juu ya mkokoteni. Akaligeuza mgongo, akalitia umeme, akashika mkono wa mwanafunzi na kuusogeza kwenye bomba linalotoka kwenye kompresa. Joto. Kisha akausogeza ndani. Baridi. "Gesi ni ile ile," akasema. "Nani ataniambia kwa nini?"

Darasa kimya. Kanuni za gesi walikuwa wamezikariri zote. Kijana wa benchi la mwisho, ambaye sisi ofisini tulimwita mzito, akasema polepole: "Pampu ya baiskeli nayo hupata moto ukijaza upepo." Fundi akampigia makofi. Halafu akawaeleza bei ya gesi, miezi ya baridi ambayo wateja humkimbia, na siku aliyopigwa shoti akaanguka. Hakuwaficha kitu. Mwezi huo huo wanafunzi watatu walianza kwenda kwake kila Jumamosi asubuhi. Makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi moja ya daftari: sahihi ya mzazi, ya fundi, ya mkuu wa shule, na mhuri wa mtendaji wa kata. Haikugharimu serikali shilingi.

Wenye mamlaka nao wasikie. Januari 2024 mlianza mtaala mpya wenye mkondo wa amali kwenye sekondari, na Machi mwaka ule mlipandisha tahasusi za kidato cha tano kutoka 16 hadi 65. Ni jambo jema, nalisema bila kinyongo. Lakini mmeongeza milango, na wa kumshika mtoto mkono ameachwa kuwa yule yule mwalimu wa vipindi 26, katika stoo ile ile. Mtoto aliyechanganyikiwa mbele ya herufi za mistari michache, mbele ya mistari 65 atafanya nini? Atachungulia kwa jirani. Na mkondo wa amali, mzazi atauhesabu kuwa wa waliofeli mpaka siku atakapoona mwalimu mwenyewe amempeleka wa kwake.

Kwa hiyo toeni majembe kwenye chumba cha ushauri. Mwalimu wa ushauri mpunguzieni vipindi, hata sita tu. Mtoto aliyechelewa mtafutieni adhabu nyingine. Kikao kijacho cha wazazi, kabla ya michango, kila mmoja asimame aseme anafanya kazi gani, na mwalimu aandike, ili daftari la kwanza la shule lipatikane siku hiyo hiyo.

Fomu zitafika tena mwaka huu. Ofisi ya kata iko hatua mia mbili kutoka langoni, na namba ya simu ya afisa ugani imebandikwa mlangoni.