Mtoto wa Watu kwa Mkopo

Ndugu wasomaji, huenda mkashangaa kuona ukurasa huu, uliozoea mambo mazito, leo unazungumzia mpira. Tunawaomba radhi wasioupenda na tunawasihi wavumilie kidogo, kwani tunalotaka kuliuliza si la mpira peke yake. Swali lenyewe ni hili: je, binadamu anaweza kukopeshwa? Na akikopeshwa, nani anadaiwa, na anadaiwa nini?

Habari hii ilianza Januari 2021. Wakati ule Uingereza ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, mechi zikichezwa katika viwanja vitupu, na barza yetu ya Jumamosi, ambayo kwa miaka mingi ilikutana nyumbani kwa mmoja wetu kwa chai na mandazi, ilikuwa imehamia kwenye simu. Tulikuwa watu sita au saba, wengi wetu hapa Uingereza na mmoja Maskati. Sote ni mashabiki wa Arsenal, isipokuwa mzee wetu mmoja ambaye hana timu yoyote, ila huja kusikiliza na kutucheka.

Uvumi uliokuwa umeenea ni kwamba klabu inataka kumchukua kwa mkopo kiungo kijana wa Real Madrid, Martin Ødegaard wa Norwe, mwenye umri wa miaka 22. Atakuja mpaka mwisho wa msimu tu, tena bila kipengele cha kumnunua. Mjadala ukapamba moto. Wa kwanza akasema, "Kwa nini tuwalelee Madrid mtoto wao? Tumpe mechi, tumpe uzoefu, kisha msimu ukiisha waje wamchukue. Huko ni kumnenepesha ng'ombe wa jirani." Wa pili akasema, "Tunaye kijana wetu, Emile Smith Rowe, tuliyemlea tangu utotoni. Juzi tu, tarehe 26 Desemba, kaingizwa dhidi ya Chelsea na tumeshinda 3–1. Mgeni akipewa kiti, mwenyeji atakaa wapi?" Ndugu yetu wa Maskati yeye hakuona tatizo. "Jamani, ni miezi michache. Akicheza vizuri tumefaidi, akicheza vibaya tunamrudisha kwao. Hasara iko wapi?"

Sisi wenyewe, kwa mazoea ya uhandisi, tulipiga hesabu na kuegemea upande wa Maskati. Gharama ndogo, haja ipo, hatari ni ya mwenye mali. Ndipo mzee wetu, aliyekuwa kimya muda wote, akasema, "Wanangu, mnamzungumzia kijana huyu kama mnaazima pampu ya maji. Yule ni mtoto wa watu." Tukacheka, mazungumzo yakaendelea. Lakini neno lile lilibaki nasi baada ya simu kukatwa.

Lilibaki kwa sababu tulikumbuka jambo la aibu kidogo. Miezi minne tu kabla ya siku ile, Septemba 2020, barza ile ile ilikuwa imewaka kwa hasira. Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, aliyejiunga na Aston Villa Januari mwaka ule, alikuwa amepelekwa kwa mkopo Fenerbahçe ya Uturuki. Siku ile hapakuwa na aliyepiga hesabu. Tulisema, "Mtoto wetu wamemtupa. Hawakumpa hata mwaka mmoja." Kumbe tulijua vizuri kwamba anayekopeshwa ana moyo, ana familia, ana jina la kulinda. Tulilijua hilo kwa Samatta, tukalisahau kwa kijana wa Norwe, kwa kuwa yule ni wetu na huyu ni wa wenyewe.

Tutazame na maneno tunayotumia. Lugha yetu ina maneno mawili mahali ambapo magazeti ya michezo yametosheka na moja. Ukichukua shilingi elfu kumi kwa jirani, umekopa. Utazitumia, na siku ya kulipa utampa noti nyingine, naye hatauliza kama ni zile zile. Ukichukua sufuria kubwa kwa ajili ya shughuli, umeazima. Utarudisha sufuria ile ile, na ikiwa imetoboka utamkuta mwenyewe kanuna. Anayekopa hurudisha thamani, anayeazima hurudisha kitu chenyewe. Mchezaji tunasema yuko kwa mkopo, lakini kwa haki ya lugha ameazimwa, maana Madrid hawakutaka kurudishiwa kiungo mwingine wa thamani hiyo hiyo. Walimtaka yule yule.

Hata hivyo, neno kuazima nalo halitoshi. Sufuria hurudi kama ilivyokwenda. Kijana wa miaka 20 hawezi kurudi kama alivyokwenda, kwani atarudi na alichojifunza au na jeraha, na moyo uliokua au uliovunjika. Katika kazi yetu, kifaa cha kupimia kikiazimwa na kurudi hukaguliwa upya, kwa sababu tunajua vifaa huchakaa kwa kutumiwa. Kijana ni kinyume chake. Yeye huchakaa kwa kutotumiwa.

Tazameni safari ya kijana huyu. Tarehe 27 Agosti 2014, akiwa na miaka 15, aliichezea timu ya taifa ya Norwe kwa mara ya kwanza, dhidi ya Falme za Kiarabu. Januari 2015 Real Madrid wakamchukua. Baadaye wakamkopesha Heerenveen, kisha Vitesse, zote za Uholanzi, kisha Real Sociedad hukohuko Hispania. Mwaka 2020, alipokuwa ameshika kasi, wakamrudisha Madrid, na huko hakupata nafasi ya kutosha. Arsenal ilikuwa nyumba yake ya nne ya kuazimwa. Na wako waliozunguka zaidi. Mbrazili Lucas Piazon alikuwa wa Chelsea tangu mwanzoni mwa 2012 hadi Januari 2021. Katika miaka hiyo alikopeshwa kwa klabu saba za nchi sita, na katika Ligi Kuu aliichezea Chelsea mechi moja tu.

Wenye kutunga kanuni wameliona tatizo, ingawa wamelitazama upande mmoja. Kuanzia Julai 2022 FIFA iliweka kikomo cha idadi ya wachezaji ambao klabu inaweza kuwakopesha nje ya nchi, ikianzia wanane na kushuka hadi sita kuanzia Julai 2024. Vijana wa miaka 21 na chini yake waliolelewa na klabu yenyewe hawamo katika hesabu hiyo. Kanuni hizi zinahesabu wangapi wametoka na kwa muda gani. Hakuna inayouliza wamerudi vipi.

Tena kuna kisa cha ndugu yetu wa Kinshasa, Lomana LuaLua. Februari 2004 Newcastle walimkopesha kwa Portsmouth. Timu hizo mbili zilipokutana mwezi huo huo, ni yeye aliyeifunga Newcastle bao la kusawazisha mwishoni mwa mchezo. Baada ya hapo Ligi Kuu ikapiga marufuku mchezaji wa mkopo kucheza dhidi ya klabu iliyomkopesha. Sisi tunaona kisa kile kinafundisha kuliko kanuni iliyokifuata. Sufuria ya kuazima haiwezi kumgeuka mwenyewe. LuaLua aliweza, kwa sababu alikuwa mtu, na mtu akivaa jezi ya watu na kula kwao, huwatumikia kwa uaminifu. Wenye mali waliogopa jambo lile lile linalomfanya mtu awe mtu.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alifundisha kwamba tusimtumie binadamu kama njia tu ya kufikia malengo yetu, bali tumhesabu daima kuwa yeye mwenyewe ni lengo. Wengi hulisahau lile neno dogo "tu". Hakusema tusitumiane. Sote tunatumiana: mgonjwa anamtumia daktari, abiria anamtumia dereva, nasi tunamtumia kiungo atupatie ushindi Jumapili. Kosa liko katika "tu". Liko pale hesabu inapokamilika na jina la mwenyewe halimo. Hesabu yetu ya Januari ile ilikuwa na aliyeazima na aliyeazimisha. Wa tatu, ambaye ndiye aliyepanda ndege, hakuwemo.

Hapa, ndugu wasomaji, tunapaswa kujitazama wenyewe, kwani wengi wetu ni wachezaji wa mkopo. Tulipoondoka nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwenda kusomea uhandisi, tulitia saini hati kwamba tukimaliza tutarudi na kulitumikia taifa kwa miaka iliyotajwa. Tulirudi. Ofisi iliyotupeleka haikuwa na kazi ya kutupa. Tulipewa meza isiyo na faili, tukasoma magazeti kwa miezi, kisha mkataba ukatokea nje nasi tukaondoka. Tukajiambia kwamba deni tutalilipa kwa njia nyingine, na kweli tumelipa. Kila mwezi pesa zimekwenda: ada za shule, matibabu, mabati ya nyumba ya wazee, kisima cha mtaa.

Lakini baada ya neno la mzee tuliyatazama tena yale maneno mawili, tukaona tulipokosea. Sisi tumelipa kama waliokopa, tumerudisha thamani. Nyumbani walikuwa wametuazima. Mama zetu walikuwa wakipokea zile pesa, wakishukuru na kuomba dua, kisha mwisho wa simu wakiuliza, "Na wewe mwenyewe unakuja lini, mwanangu?" Swali lile tulilichukua kuwa ni la mapenzi, na kumbe lilikuwa pia la haki. Ile ofisi kutokuwa na kiti ni kosa lake, kama Madrid walivyomrudisha kijana wasiyekuwa na nafasi naye. Hata hivyo kosa la ofisi halifuti la kwetu. Wengine kati yetu mama hao wameshatutoka, na pesa zinaendelea kwenda kwa watu ambao hawatuulizi swali hilo.

Basi tumefikia wapi? Tunaona kwamba mtu anaweza kuazimwa bila kudhulumiwa, maana dunia yote imejengwa hivyo. Mafundi wetu wa pwani, wa majahazi na wa useremala, walipokea watoto wa watu wakawafanya wanagenzi. Fundi mwema hakumficha mwanagenzi siri ya randa kwa hofu kwamba kesho atafungua karakana yake. Alijua atakwenda, na alimfundisha kwa kuwa alikuwa mbele yake. Kwa hiyo aliyeazima anadaiwa kumrudisha kijana akiwa bora kuliko alivyokuja, hata kama faida itakwenda kwa mwingine. Aliyeazimisha anadaiwa kuweka kiti kabla ya kumwita arudi. Na kijana mwenyewe anadaiwa kucheza kwa moyo mahali alipo, bila kusahau ni wapi wanamngoja.

Mtasema haya ni maneno ya rahisi, na kwamba timu inataka pointi, haifundishi kwa thawabu. Ni kweli. Ndiyo maana hatumkejeli ndugu yetu wa pili aliyemhofia Smith Rowe. Hoja yake ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote, kwani hatuwezi kumtendea wema mgeni kwa kukilipia kiti cha mwenyeji.

Mambo yalikwendaje? Ødegaard alikuja, akacheza, na msimu ulipokwisha akarudi Madrid. Yule aliyekataa kumnenepesha ng'ombe wa jirani ndiye aliyesikitika kuliko wote. Agosti 2021 Arsenal wakamnunua moja kwa moja, na Julai 2022 akafanywa nahodha. Smith Rowe naye alipewa jezi namba 10, akafunga mabao 10 ya ligi msimu wa 2021/22, kisha majeraha yakamwandama, akafanyiwa upasuaji, na Agosti 2024 akauzwa Fulham. Hatuwezi kusema kwamba mgeni ndiye aliyempokonya mwenyeji. Majeraha yalifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Wakati huo barza yetu ilikuwa imekwisha kurudi nyumbani, chai mezani. Tulikuwa tukimsifu nahodha wetu, jinsi sisi tulivyomuona mapema (ingawa wote mnajua tulivyomuona), mzee wetu akauliza, "Na yule kijana wenu mwingine, mliyekuwa mkimlilia, yuko wapi?" Mmoja akajibu, "Ameuzwa, mzee. Mwezi uliopita." Mzee akauliza tena, "Anaendeleaje huko?"

Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumelijua jina lake tangu akiwa mtoto, tukamwita wetu, tukagombana kwa ajili yake usiku mzima, na mwezi mmoja baada ya kuondoka hapakuwa na hata mmoja aliyetazama kama amecheza. Mwenye nyumba akachukua birika akaenda kuongeza maji. Ndugu yetu wa Maskati, ambaye kama kawaida alikuwa kwenye simu, akasema, "Subirini, naangalia." Tukasubiri.