Mali Hii ni ya Nani?



Wengi wetu tulipokimbia tulimwachia jirani shamba, tukamwambia, "Lilime, lakini ni la watoto wetu." Hatukuandikiana karatasi. Kilichomfunga yule jirani ni dhamiri yake tu. Jambo kama hilo Waingereza walilifanya kuwa sheria, nao huliita trasti, yaani amana.

Watawa wa Mtakatifu Fransisko walifika Uingereza mwaka 1224. Walikuwa wameapa kutomiliki kitu, basi wengine waliwashikia nyumba ili wao wakae humo. Wenye ardhi nao walikuwa wakiwakabidhi rafiki mashamba, wayashike kwa ajili ya jamaa zao. Mahakama za kawaida zilimtambua mshikaji peke yake. Akikana, aliyedhulumiwa alimwendea Chansela wa mfalme, ambaye siku zile mara nyingi alikuwa askofu, naye alimbana mshikaji katika dhamiri.

Lakini tazameni lililofuata. Kabaila akifa, mfalme alidai malipo kwa mrithi. Shamba likiwa mikononi mwa wadhamini kadhaa, ambao hawafi siku moja, mfalme alikosa. Henry wa 8 alitunga sheria ya kuzuia hayo mwaka 1536. Wanasheria wakapata mwanya. Kuanzia karne ya 17 makabaila walizifunga ardhi zao hivi: kifungua mimba wa kiume anakula mazao maisha yake yote, ila kuuza hawezi. Hata mcheza kamari hakuweza kuumaliza urithi. (Dada zake walipewa fungu la kuolewa, basi.)

Mwaka 2016 alifariki Gerald Grosvenor, Duke wa 6 wa Westminster. Utajiri wa nyumba yake ulikadiriwa kuwa pauni bilioni 9 hivi. Kodi ya urithi kule ni asilimia 40, lakini sehemu kubwa ya mali ilikuwa katika amana, isiguswe na kodi hiyo. Amana hutozwa yake, isiyozidi asilimia 6 kila miaka 10.

Hatuwaiti wezi, sheria iliwaruhusu. Ila mtu akisema "si yangu" mbele ya mtoza ushuru, kisha mezani akala kama mwenyewe, yule Chansela askofu angemwuliza nini? Tumelizungumza hili na wazee wa kanisa, hatukuafikiana. Mzee mmoja alisema tusiilaani amana, kwa kuwa hiyo hiyo humkinga yatima wa Uingereza asinyang'anywe na baba mdogo.